Theluji Hunyesha, Barafu Huganda: Uhakiki wa Msamiati wa Hali ya Hewa Ngeni katika Kiswahili

Utangulizi

Lugha hupimwa kwa mambo yaliyo nyumbani kwake, na hupimwa pia kwa mambo yaliyo mbali nayo. Kiswahili kimekwisha kupimwa kwa bahari, kwa biashara, kwa dini, kwa siasa na kwa mitambo, na katika kila mtihani kimeonyesha uwezo wake wa kukopa, kunyambua na kuunda. Katika makala haya tunakusudia kukipima kwa jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo: theluji inayowahi. Tuna maana ya theluji inayonyesha mwezi wa Oktoba au mwanzo wa Novemba katika lile eneo la Marekani liitwalo Magharibi ya Kati, yaani majimbo kama Minnesota, Wisconsin, Iowa na Michigan, kabla watu hawajatoa makoti yao sandukuni.

Msomaji ana haki ya kuuliza ni kitu gani kinachomtoa mwalimu wa Kiswahili Machakos na kumpeleka kwenye theluji ya Minnesota. Sababu ni tatu. Kwanza, theluji si ngeni kwa nchi za Kiswahili kama tunavyopenda kudhani. Milima mitatu ya Afrika ya tropiki yenye barafu ya kudumu, yaani Kilimanjaro, Kenya na Ruwenzori, yote imo katika eneo ambamo Kiswahili husemwa. Pili, leo wako wasemaji wa Kiswahili wengi wanaoishi katika majimbo hayo ya Marekani: wanafunzi, wafanyakazi, na familia za wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo. Hao huletewa maonyo ya hali ya hewa, na onyo lililofasiriwa vibaya laweza kumgharimu mtu uhai. Tatu, na hili ndilo kubwa kwetu, kasoro tutakazoziona katika msamiati wa theluji ndizo zizo hizo zilizomo katika msamiati wa mvua zetu wenyewe.

Hoja yetu ni kwamba neno la hali ya hewa halijakamilika linapokuwa na jina tu. Hukamilika linapokuwa na kitenzi chake, na linapomwambia msikilizaji afanye nini. Kamusi zetu na wafasiri wetu aghalabu wametosheka na jina, tena jina lililotafutwa ili lilingane na neno la Kiingereza.

Weupe, baridi na jina lisilokuwapo

Tuanze nyumbani. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akielekea Uchaga, aliona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Katika maelezo yake anasema kwamba mwongozaji wake alikiita kile cheupe kwa neno moja tu, ambalo Rebmann aliliandika "beredi". Bila shaka hili ni neno letu "baridi". Mwongozaji hakutaja kitu chenyewe. Alitaja kile ambacho kitu hicho humfanyia binadamu anayekikaribia.

Mwaka uliofuata, 1849, mwenzake Johann Ludwig Krapf alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Wakamba. Huko ndiko alikouona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba. Krapf anaeleza pia kwamba Wakamba waliijua Kilimanjaro kwa jina lenye maana ya mlima wa weupe. Mkamba aliyetazama kutoka mbali aliona rangi, naye akaita rangi. Mtu wa msafara aliyepita karibu alihisi ubaridi, naye akaita ubaridi. Wote wawili walisema kweli, kila mmoja kutoka mahali aliposimama.

Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley aliwapinga wamisionari hawa kwa miaka mingi akidai kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Safari za Karl Klaus von der Decken za 1861 na 1862 ndizo zilizouzima ubishi huo. Yafaa tukumbuke jambo hili kila tunapoambiwa kwamba upungufu wa istilahi ni upungufu wa maarifa. Cooley alikuwa na neno la theluji katika lugha yake, lakini hakujua ilipo. Mwongozaji wa Rebmann hakuwa na neno hilo, lakini alijua ilipo na inavyouma.

Safari ya maneno matatu

Maneno makuu tuliyonayo sasa ni matatu: theluji, barafu na sakitu. Kila moja limefika kwa njia yake, na njia hizo zina mafunzo.

"Theluji" ni neno la Kiarabu, thalj, ambalo ni ndugu wa neno la Kiebrania sheleg. Katika Kiarabu neno hili halikomei kwenye theluji inayotoka mbinguni. Mtu anayeagiza kinywaji baridi katika nchi za Ghuba huomba thalj, na huletewa vipande vya barafu. "Barafu" nayo asili yake ni neno la Kiajemi barf, ambalo maana yake hasa ni theluji. Likapita katika lugha za Bara Hindi, ambako lilijumlisha theluji na barafu pia, hata likafika kwetu. Kwa hiyo neno ambalo kwao laweza kuwa barafu, sisi tumelifanya theluji. Na neno ambalo asili yake ni theluji, sisi tumelifanya barafu.

Hapa hakuna kosa. Lugha inayokopa ina haki ya kuligawia neno kazi inayolitaka. Lakini tukio hili linatuonyesha kwamba mpaka kati ya theluji na barafu katika Kiswahili ni mpaka tuliouchora sisi wenyewe, tena tumeuchora juzijuzi. Barafu tuliifahamu kwanza kwa mikono: iliuzwa mijini, ikafunika samaki, ikatiwa katika maji ya kunywa, na watoto wakainyonya. Theluji wengi wetu tuliifahamu kwa kusoma. Ndiyo sababu msemaji wa kawaida, hata aliyesoma, anapoiona theluji kwa mara ya kwanza huiita barafu. Mwandishi wa makala haya aliwasikia wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki nchini Marekani wakisema "barafu inaanguka", na hao hao katika insha zao waliandika "theluji". La kwanza lilikuwa neno la mdomoni, la pili neno la kitabuni.

"Sakitu" limekuwa na bahati mbaya zaidi. Ni neno zuri, nalo lina kazi mahususi: ule ukoga mweupe wa baridi unaoonekana juu ya majani alfajiri. Wafasiri wa Biblia walilitumia katika Kutoka 16:14, mana inapolinganishwa nao. Lakini ukimwuliza leo mwanafunzi wa shahada ya kwanza maana ya sakitu, wengi hawatajibu. Na hali kitu chenyewe kipo. Mwezi wa Januari, kwa mfano, si mgeni kwa hofu hii katika nyanda za juu: Januari 2012 sakitu iliunguza mashamba ya chai katika sehemu za Kericho na Nandi, na hasara ikawa kubwa. Habari nyingi za namna hii husimuliwa kwa maneno "baridi kali" au "barafu", ilhali neno lenyewe limo kamusini limelala.

Theluji kama tashbihi

Tumesema kwamba theluji tuliifahamu kwa kusoma. Kitabu kilichoieneza zaidi ni Biblia, hasa ile tafsiri ya Muungano iliyokamilika mwaka 1952. Tukiichunguza tafsiri hiyo kama wahakiki wa lugha tunakuta mambo mawili yanayopingana.

Jambo la kwanza ni kwamba theluji imeingia kwa wasomaji wetu kama tashbihi kabla haijaingia kama kitu. Mfano unaojulikana zaidi ni Isaya 1:18, ambapo theluji ni kipimo cha weupe. Matokeo yake ni kwamba kwa wasemaji wengi wa Kiswahili theluji ni rangi. Haina uzito, haina unyevu, haizibi njia, haivunji paa. Tumerudi pale aliposimama Mkamba wa 1849, isipokuwa yeye alikuwa akiutazama mlima wenyewe, na sisi tunatazama ukurasa.

Jambo la pili linawapa wafasiri hao sifa wanayostahili. Katika Mwanzo 8:22 walitakiwa kufasiri yale majira mawili ya mwaka, la joto na la baridi, ambayo hayako katika pwani yetu kwa namna ile. Hawakuunda maneno mapya wala hawakukopa. Waliandika kaskazi na kusi, yaani pepo mbili zinazougawa mwaka wa Mswahili. Kaskazi huvuma katika miezi ya joto, kusi huvuma katika miezi ya ubaridi. Baharia, mvuvi na mkulima wa pwani wote hupanga kazi zao kwa pepo hizo. Hii ni tafsiri ya hali ya juu, kwa kuwa imeuliza jira lina kazi gani katika maisha ya watu, kisha ikatafuta chenye kazi hiyo hiyo.

Lakini hata tafsiri hii ina mpaka wake. Msomaji wa Machakos, aliye mbali na bahari, akiona kaskazi na kusi huenda akaelewa pande za dira tu. Neno lililojaa maana Lamu na Unguja linapungukiwa likipanda bara. Tuzingatie basi kwamba msamiati wa hali ya hewa ni wa mahali kabla haujawa wa lugha nzima. Ukweli huu utatufaa tukifika kwenye mvua zetu.

Theluji inayowahi

Sasa tuvuke bahari. Katika Magharibi ya Kati ya Marekani, hatari ya theluji ya mwanzo wa msimu haitokani na wingi wake peke yake. Hutokana na kwamba watu hawajawa tayari: majani bado yako mitini, magari bado yana magurudumu ya wakati wa joto, na mwili haujazoea. Tarehe 11 Novemba 1940 asubuhi ilikuwa ya joto, na wawindaji wa bata walitoka kwenda kando ya mto Mississippi wakiwa na mavazi mepesi. Kabla ya jioni upepo mkali na theluji vilikuwa vimewafikia. Watu zaidi ya 140 walifariki katika majimbo kadhaa, wakiwamo wawindaji hao. Utabiri uliokuwa umetolewa haukuonyesha ukubwa wa jambo lililokuwa likija, na baadaye utaratibu wa kutoa utabiri katika eneo hilo ukarekebishwa. Aidha, tufani iliyoanza tarehe 31 Oktoba 1991 ilimwaga takriban sentimita 72 za theluji katika mji wa Minneapolis na takriban sentimita 94 katika Duluth, na hii ni kabla ya wiki ya kwanza ya Novemba kwisha.

Watu wa huko wana maneno mengi ya hali hizi, na maneno hayo hayakuja yote kutoka Uingereza. Neno "blizzard", mathalani, hapo kwanza lilikuwa na maana ya pigo kali au mfululizo wa risasi. Miaka ya 1870 magazeti ya Iowa yalianza kulitumia kwa tufani ya theluji, likashika. Wahamiaji waliofika katika mbuga zile walikuta jambo ambalo Kiingereza chao hakikulipa jina. Wakachukua neno la nyumbani lenye maana ya kupigwa na kulipa kazi mpya. Leo idara ya hali ya hewa ya Marekani imelipa mipaka: upepo wa kasi ya takriban kilomita 56 kwa saa au zaidi, kuona mbele kusikozidi mita 400 hivi, na hali hiyo idumu kwa muda wa saa tatu.

Mhakiki akitazama mipaka hiyo ataona kitu cha ajabu. Hakuna sharti kwamba theluji iwe inanyesha. Upepo ukiinua theluji iliyokwisha kunyesha jana na kuwafumba watu macho, jina ni lile lile. Kwa hiyo tukifasiri "mvua kubwa ya theluji" tumekosea kabisa, na tukisema "dhoruba ya theluji" tumepatia nusu. Msikilizaji atachungulia dirishani, aone mbingu nyeupe, afunge safari. Tafsiri inayofaa haina budi kumpa kiini: tufani ya theluji, upepo wa kupofusha, usiondoke ulipo.

Au tuchukue neno "sleet". Kwa Mwingereza ni mvua iliyochanganyika na theluji. Kwa Mmarekani ni punje za barafu, yaani theluji iliyoyeyuka njiani ikaganda tena kabla ya kufika chini. Mfasiri wetu anayetegemea kamusi iliyotungwa kwa kufuata Kiingereza cha Uingereza atampa Mswahili wa Iowa maelezo ya hali ya hewa ya Manchester. Pia kuna mvua ambayo hufika chini ikiwa maji, ikaganda papo hapo inapogusa barabara, waya au tawi la mti. Hii ndiyo inayohofiwa kuliko zote, kwani hufanya utando wa barafu usioonekana. Waamerika huuita kwa jina la weusi, kwa kuwa weusi wa lami hupenya ukaonekana. Anayefasiri "barafu nyeusi" amemfundisha msikilizaji kutafuta kitu cheusi, naye ataanguka akikitafuta.

Je, Kiswahili hakina uwezo wa kutofautisha hali hizi? Kinao, tena ndani ya sarufi yake. Iliyoganda kabla ya kufika chini ni mvua iliyoganda. Inayoganda baada ya kugusa ni mvua inayoganda. Viambishi -li- na -na- vimefanya kazi ambayo Kiingereza kilihitaji maneno mawili tofauti kuifanya. Theluji chache zinazopeperuka bila kufunika ardhi zaweza kuitwa rasharasha za theluji, kwa kuwa rasharasha tunaijua. Na ule utando wa barabarani uitwe kwa sifa inayoua: utando wa barafu usioonekana. Hapa hatukuunda neno hata moja jipya.

Kitenzi kilichosahauliwa

Tumefika kwenye kasoro tunayoiona kuwa kubwa kuliko nyingine. Kamusi zetu kwa kawaida hutoa nomino na maelezo yake, lakini hazisemi nomino hiyo huandamana na kitenzi gani. Kwa mambo ya nyumbani hatuhitaji kuambiwa. Mvua hunyesha, jua huwaka, upepo huvuma, ukungu hutanda, radi hupiga. Mtoto huyapata maneno haya mawili mawili, kama mtu na kivuli chake. Theluji imeingia bila kivuli. Ndipo watu wanasema inaanguka, inadondoka, inashuka, inamwagika, kila mtu na lake.

Wengi husema inaanguka, na tunashuku kwamba hiki ni kivuli cha Kiingereza. Katika Kiswahili, kitu huanguka kilipokuwa kimesimama au kimewekwa juu. Anguka lina harufu ya ajali. Kinachotoka winguni kina kitenzi chake cha tangu zamani, kunya, ambacho kimetupa kunyesha. Mvua ya mawe ni vipande vya barafu, lakini hakuna anayesema inaanguka, tunasema inanyesha. Basi kwa nini theluji inyimwe haki hiyo? Wafasiri wa tafsiri ya Muungano, katika Isaya 55:10, walilipa mvua na theluji kitenzi kimoja, kushuka, na kwa kufanya hivyo waliziweka katika jamii moja. Walikuwa katika njia sawa.

Pendekezo letu ni hili: theluji hunyesha, barafu huganda, sakitu hutanda. Vitenzi hivi vitatu ndivyo vinavyozitenga nomino tatu kuliko maelezo marefu. Theluji hutoka winguni ikiwa tayari ni theluji. Barafu ni maji yaliyokuwa mahali yakashikana. Sakitu haikutoka winguni wala haikuwa maji ya kidimbwi. Ni unyevu wa hewa uliotua juu ya majani ukawa mweupe kwa baridi. Mwanafunzi akivishika vitenzi hivi hatachanganya majina tena.

Manufaa yake yaweza kuonekana katika tukio la hapa Kenya. Septemba 2008, katika eneo la Busara karibu na Nyahururu, ardhi ilifunikwa na kitu cheupe, na watu wakakusanyika kukitazama na kukishika. Habari zikaenea, hata nje ya nchi, kwamba theluji imenyesha Kenya. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba ilikuwa barafu iliyotoka katika wingu zito la mvua. Tukitumia vitenzi vyetu, jambo linakuwa wazi bila kumdharau mwanakijiji: kilichonyesha kilikuwa mvua ya mawe, punje ndogo na nyingi mno; na zilipolala chini zilishikana zikaganda, zikawa barafu. Watu wa Kericho na Nandi, ambako mvua ya mawe hunyesha mara nyingi kuliko karibu kila mahali duniani, wasingeona shida kuyaelewa maelezo hayo.

Vuli ya Machakos

Hadi hapa msomaji aweza kusema: haya yote ni ya wageni, sisi mvua zetu tunazijua. Hebu tutazame.

Katika shule na magazeti ya Kenya misimu ya mvua huitwa masika na vuli, na mara nyingi hufafanuliwa kuwa "mvua ndefu" na "mvua fupi". Maneno haya mawili ya mwisho ni tafsiri ya moja kwa moja ya Kiingereza. Pwani hayana kosa kubwa, kwa kuwa masika huko ndiyo mvua kuu. Lakini hapa Machakos, na katika Ukambani kwa jumla, mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo inayotegemewa zaidi na mkulima. Ile ya Machi hadi Mei mara nyingi humsaliti. Kikamba kina majina mawili, mbua ya nthwa kwa ile ya mwisho wa mwaka na mbua ya uua kwa ile ya Machi, na hakuna katika majina hayo linalosema kwamba moja ni ndefu na nyingine fupi. Utafiti wa kilimo wa Katumani, kilomita chache kutoka mjini Machakos, uliotoa mahindi yanayokomaa mapema, ulikuwa na misimu hii miwili isiyotabirika machoni.

Mkulima mwenyewe hadanganyiki. Anayedanganyika ni mwanafunzi anayekariri kwamba vuli ni mvua ndogo, na afisa mgeni anayepeleka mbegu kwa kufuata jina la msimu. Na kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi: mkulima anaposikia redio ikiuita msimu wake mkuu "mvua fupi", hujua kwamba anayesema hazungumzi naye.

Mfano wa pili ni neno "wastani". Mtaalamu anaposema kutakuwa na mvua ya wastani ana maana ya kiasi kinacholingana na hesabu ya miaka mingi ya mahali hapo. Katika Kiswahili cha kila siku, mvua ya wastani ni mvua ya kadiri, inayotosha, isiyo kubwa wala ndogo. Katika sehemu kavu za Machakos, kiasi cha kawaida cha miaka mingi chaweza kisitoshe mahindi. Basi mtaalamu amesema kweli, msikilizaji amesikia habari njema, na shamba litakauka. Hapa tofauti kati ya istilahi na lugha ya watu si suala la darasani.

Wakamba wamekuwa na njia yao ya kuita majanga ya hali ya hewa. Njaa ya 1984 waliiita Nikw'a Ngwete, yaani "nakufa na huku nimeshika", kwa sababu mtu alikuwa na pesa mkononi lakini chakula cha kununua hakikuwapo. Jina hilo halitaji milimita za mvua. Linataja kilichompata mtu. Twaweza kulijadili kama fasihi, lakini kwa mwanaistilahi pia lina funzo: jina lililodumu ni lile lililotungwa mahali ambapo janga lilimgusa binadamu.

Mapendekezo

Watakuwapo watakaosema kwamba tunaitaka kamusi iwe kitabu cha jiografia. Wengine watasema kwamba Kiswahili sanifu hakiwezi kufuata kila mlima na kila bonde. Hoja hizi zina uzito, na hatudai kwamba kila mtaa upewe istilahi zake. Tunadai mambo manne tu.

Kwanza, kila kidahizo cha hali ya hewa kipewe kitenzi chake pamoja na mfano wa sentensi. Pili, pale ambapo neno lina maana ya mahali, mahali hapo patajwe. Vuli ya Tanga na vuli ya Machakos zisifafanuliwe kwa sentensi moja. Tatu, mfasiri wa maonyo aanze na kitendo kinachotakiwa kwa msikilizaji, kisha arudi kutafuta jina. Nne, tusione haya kujifunza kutoka kwa waliotutangulia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kiingereza cha Marekani hutenganisha hali inayowezekana na hali iliyokwisha kufika, na wafasiri wa Kiswahili wakiita zote mbili "onyo" huifuta tofauti hiyo. Ngazi za Tanzania hazilingani na zile za Marekani kwa kila kitu, lakini humpa msikilizaji kupanda kwa hatari, na humpa kwa maneno anayoyajua. Msemaji wa Kiswahili kutoka Kivu anayeishi Iowa huenda hajawahi kulisoma neno theluji katika kamusi yoyote ya Nairobi au Dar es Salaam. "Angalizo" na "tahadhari kubwa" vikifuatwa na maelezo ya kitendo vitamfikia hata kama jina la kinachonyesha halimfikii.

Hitimisho

Barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya inapungua, na ile ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika Mlima Kenya, imekwisha kupoteza sehemu yake kubwa. Huenda wajukuu wetu wakaijua theluji kama tulivyoijua sisi, kwa kusoma. Au wakaijua kwa kuishi katika nchi ambako hunyesha mwezi wa Oktoba. Kwa vyovyote vile watahitaji maneno yaliyo hai. Tumejaribu kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo tunayo tayari, na kwamba kinachokosekana ni kuyaoza kwa vitenzi vyake na kuyarudisha kwa watu wanaoyahitaji. Kazi hiyo haiwezi kumalizwa ofisini. Idara za lugha zilizo karibu na wakulima, wavuvi na wachuma chai zina nafasi bora ya kuianza, kwa kuwasikiliza watu hao wanaposema mvua yao inafanya nini, kabla ya kuwauliza inaitwaje.